Daftari la ulinzi wa SADC lifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Mtwara. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, walivamia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo hakuna mtu huku anayehitaji kuelezwa kwa nini vijana wa jeshi letu, JWTZ, walikwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kinachoniuma ni suala la nani anabeba gharama.

Agosti 2003, jijini Dar es Salaam, viongozi wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, walitia saini mkataba wa ulinzi wa pamoja: mmoja akishambuliwa kwa silaha, wote wachukue hatua. Jumuiya ina nchi 16. Kikosi chake kilichoingia mashariki mwa Kongo Desemba 2023 kilitoka nchi tatu tu: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Katika mapigano ya Goma na Sake, Januari 2025, Afrika Kusini ilipoteza askari 14. Sisi tulipoteza wawili.

Sidai kila nchi ipeleke askari. Mauritius, kwa mfano, haina jeshi. Lakini mtaani kwetu ukitokea msiba, asiyeweza kushika jembe la kuchimba kaburi huandikwa daftarini kwa alichotoa: mchele, kuni, hata elfu mbili. Anayekuja kula tu hujulikana, na siku yake ikifika watu hukumbuka.

Tuliyaona Msumbiji. Kikosi cha SADC kiliingia Julai 2021, kikaondoka Julai 2024 mashambulizi yakiwa hayajakoma, na uhaba wa fedha ulitajwa waziwazi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekichangia euro milioni 15. Nashukuru kwa dhati, ila usalama wa mwanakijiji wa Kitaya usingoje bajeti ya Brussels. Umoja wa Afrika ulikubaliana Kigali mwaka 2016 kutoza asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya bara. SADC nayo ijiwekee tozo ya namna hiyo kwa ulinzi wake, na nchi iliyopeleka askari ihesabiwe kuwa imeshalipa sehemu yake.

Kabla ya wakuu wa nchi kukutana Agosti, sekretarieti ya SADC ichapishe jedwali: nani kapeleka askari wangapi, nani katoa fedha kiasi gani, nani bado anadaiwa. Familia zilizopokea majeneza kutoka Goma zina haki ya kulisoma.

Msomaji wako,
Mtwara Mjini