Barua ya malalamiko: Kompyuta za Ryzen 5 2600 zilizouzwa kama "tayari kwa ovaklokingi"

Karakana ya Kompyuta,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA 8 ZA MEZANI ZILIZOTANGAZWA KUFIKA GHz 4.2

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kwa niaba ya mteja wetu, studio ya kuhariri video, ambaye alinunua kwenu kompyuta 8 kwa tangazo lililosema "Ryzen 5 2600, tayari kwa ovaklokingi hadi GHz 4.2, RAM GB 16 ya 3200, waranti mwaka 1". Ovaklokingi ni kuiendesha prosesa kwa kasi kubwa kuliko ile iliyowekewa kiwandani. Tumezifungua na kuzipima zote. Picha za BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) na rekodi za HWiNFO (programu inayosoma joto, volti na kasi) zimeambatanishwa.

Prosesa yenyewe haina neno. Ryzen 5 2600 ilitoka mwaka 2018, ina viini 6 na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba), kasi yake ni GHz 3.4 hadi 3.9, na kizidisho chake, yaani namba inayozidishwa na MHz 100 kupata kasi, hakina kufuli. Kwa bei yake bado inajimudu. Tunacholalamikia ni vitu mlivyoizungushia.

Kompyuta 5 kati ya 8 zina mazabodi ya chipseti (chipu inayosimamia mazabodi) ya A320. AMD, watengenezaji wa prosesa na chipseti hizi, haikuiruhusu A320 kuovakloki prosesa. Ukiingia BIOS hukuti mahali pa kuandika kizidisho. Mteja alipouliza, dawati lenu lilimjibu asasishe BIOS na chaguo litatokea. Halitatokea, kwa sababu kikwazo ni chipseti na wala si toleo la BIOS. Ushauri wenyewe ni wa hatari pia: umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, na kompyuta haina UPS (betri ya akiba), mazabodi haiwaki tena mpaka fundi aiandike upya chipu yake kwa kifaa cha CH341A. Kwa prosesa hii mlipaswa kufunga bodi za chipseti ya B350, B450, X370 au X470. A320 ni bodi nzuri tu kwa risiti na barua pepe, lakini kuiuza kwa jina la ovaklokingi ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Zile 3 zenye B450 ndizo zilizotushtua zaidi, maana hizo kweli fundi wenu aliziovakloki. Tulikuta kizidisho 42.00 kwa viini vyote, volti 1.45 zisizobadilika, na LLC (mpangilio unaozuia volti kushuka mzigo ukija) imepandishwa hadi ngazi ya juu kabisa. Feni ni ileile Wraith Stealth inayokuja kwenye boksi la prosesa: hitisinki (chuma cha kunyonya joto) fupi ya alumini, haina kitako cha shaba, imetengenezwa kwa prosesa ya wati 65.

Hesabu yake haihitaji maabara. Joto la prosesa hufuata kasi ikizidishwa kwa mraba wa volti. Hizi tulizopima, zikiachwa kwenye mipangilio ya kiwandani na kubebeshwa mzigo wa viini vyote, zinakaa karibu na GHz 3.6 kwa volti 1.2. Gawanya 1.45 kwa 1.2, piga mraba, unapata 1.46. Zidisha kwa uwiano wa kasi, yaani 4.2 kwa 3.6, unapata 1.70. Mmeongeza joto kwa asilimia 70 hivi ili kupata kasi ya asilimia 17, halafu mkaliachia joto hilo lote kwenye feni ndogo ndani ya jiji ambalo chumba kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi joto 31. Kila nyuzi moja ya joto la chumba inaongezeka karibu vilevile kwenye prosesa.

Matokeo yapo kwenye rekodi. Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa, ikiendeshwa kwa dakika 10, prosesa inagota nyuzi 95, ambao ndio ukomo wake. Baada ya hapo inakuja shida ya pili, ambayo wauzaji wengi hawaiangalii: VRM, ile sehemu ya mazabodi inayoshusha volti 12 za pawa saplai hadi volti 1 na ushee. Bodi mlizofunga zina fezi (njia za umeme) 4 tu za kuilisha prosesa, na mosifeti zake, yaani swichi za umeme huo, ziko uchi, hazina hitisinki. Zikichemka, bodi inajilinda kwa kushusha kasi ghafla hadi chini ya GHz 1 kwa sekunde kadhaa, kisha inairudisha. Mhariri anaona video inaganda na kufunguka, anailaumu programu. Ukitazama grafu ya HWiNFO unaona meno ya msumeno.

LLC ya ngazi ya juu nayo si ya kuchezea. Mzigo ukiachia ghafla, volti huruka juu ya kile kilichoandikwa kwenye BIOS kwa muda mfupi kiasi kwamba programu haioneshi. Ukianzia 1.45, huna nafasi ya mruko huo. Volti za namna hii huila prosesa polepole: leo inashika kasi fulani, baadaye inadai volti zaidi kwa kasi ileile. Moja ya hizo 3 tayari inajizima na kuwaka, na Event Viewer, daftari la matukio la Windows, imejaa matukio ya WHEA-Logger namba 18, yaani hitilafu za vifaa.

Kwenye mashine hiyohiyo tulikuta pesti mpya ya kupitisha joto imepakwa juu ya ile ya kiwandani bila kuifuta, tabaka nene kama siagi. Fundi wenu akija kuitoa hitisinki, awashe kompyuta kwanza dakika 10 ipate joto, aizime, kisha azungushe hitisinki taratibu kabla ya kuinua. Soketi ya AM4 haina kifuniko cha kuishikilia prosesa. Akivuta kwa nguvu itang'oka nayo, na pini zitapinda.

Kuhusu utaratibu sahihi, tumeufanya kwenye mashine moja ili msiseme haiwezekani. Tulifunga hitisinki ya mnara yenye mabomba 4 na feni ya milimita 120, tukaweka feni ndogo ya kupuliza VRM, tukarudisha BIOS kwenye mipangilio ya mwanzo. RAM tuliiacha kwanza, ili kosa likitokea lijulikane ni la nani. Tulianza na kizidisho 38.00 kwa volti 1.25, LLC ya kati, tukapanda kwa 0.25 kila hatua, sawa na MHz 25, tukipima kwa OCCT, programu inayoibebesha prosesa mzigo na kukagua makosa. OCCT ikitoa kosa au kompyuta ikijizima bila joto kuwa juu, volti hazitoshi: ongeza kidogo. Kasi ikishuka yenyewe, hilo ni joto, na kuongeza volti kutalizidisha. Mipaka yetu ilikuwa volti 1.35 zinazosomwa kwenye SVI2 TFN (kipimo cha volti ndani ya HWiNFO) chini ya mzigo, na nyuzi 85. Imetulia GHz 4.0 kwa volti 1.325. Hiyo 4.2 ya tangazo chipu chache zitaishika, nyingi hazitaishika, na hakuna muuzaji anayeweza kuiahidi kwa mashine 8 mfululizo. Kwa Wraith Stealth ushauri wetu ni kutoovakloki kabisa. Iacheni prosesa ijipandishe yenyewe.

Halafu RAM. Kila kompyuta ina kijiti kimoja cha GB 16 kilichoandikwa 3200, lakini kinakwenda 2133 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. Kijiti kimoja kwa 2133 kinatoa GB 17 kwa sekunde. Vijiti viwili vya GB 8 kwa 3200 vinatoa 51.2. Kwenye Ryzen hizi njia ya ndani inayounganisha viini hufuata kasi ya RAM, kwa hiyo nayo imebaki MHz 1066 badala ya 1600. Kwa kazi ya video, kurekebisha hili peke yake kungemsaidia mteja kuliko MHz zote mlizozitangaza, na XMP inawashwa kwa dakika moja hata kwenye A320.

Mteja alipoirudisha ile inayojizima, mlimkatalia waranti kwa hoja kwamba "imeovaklokiwa". Ni kweli AMD haifidii madhara ya ovaklokingi. Lakini hapa aliyeovakloki ni fundi wenu, kwa volti alizochagua yeye, na mkaitangaza kazi hiyo kama sifa ya bidhaa. Hoja hiyo haimhusu mnunuzi.

Tunadai yafuatayo ndani ya siku 14. Bodi 5 za A320 zibadilishwe kwa B450 zenye hitisinki kwenye VRM, na zile 3 zilizo uchi vilevile. Msitupe B550 kwa kudhani ni bora: Ryzen za mfululizo wa 2000 hazimo kwenye orodha ya prosesa inazozikubali. Kila kompyuta ipate hitisinki ya mnara na RAM ya vijiti viwili, XMP ikiwa imewashwa na kupimwa kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM. Prosesa ya mashine inayojizima ibadilishwe. Waranti iandikwe upya itaje wazi kwamba inahusu kompyuta kwa mipangilio mliyoiweka nyinyi. Kama hamwezi, rudisheni fedha zote za kompyuta 8, nasi tutazikabidhi zilivyokuja.

Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, mteja atapeleka tangazo lenu, risiti na vipimo hivi Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Mashine yenye matukio ya WHEA tumeiweka kando bila kuigusa BIOS yake, ili fundi wenu aje aione kama alivyoiacha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa Karakana,
kwa niaba ya mteja.

Viambatanisho: picha za BIOS za kompyuta 8, rekodi za HWiNFO, nakala ya tangazo na risiti.