Sukari ikipanda, tusianze kwa kumhukumu mtu

Mhariri,

Muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari anaijua tabia hii: siku chache kabla ya tarehe, watu huanza kunywa dawa sawasawa na kukwepa chai tamu ili kipimo cha asubuhi kisome vizuri. Wengine hujaza daftari la nyumbani kwa usiku mmoja, kalamu moja, namba zote 6 na 7 (mmol/L, namba za sukari iliyotulia). Wanakimbia swali moja tu: "Sukari 15! Umekula nini wewe?"

Swali hilo lina madhara ya kitabibu. Aliyekosa hela ya dawa wiki mbili akaogopa kusema, daktari ataona dozi haitoshi, ataiongeza. Akipata hela na kunywa zote kama zilivyoandikwa, hasa vidonge vya glibenklamaidi vinavyoshusha sukari kwa nguvu, au akichoma yote insulini, ile sindano ya kushusha sukari, sukari inaporomoka chini ya 4. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, na mtaani wanasema amelewa.

Kwa wenzetu wa kliniki, tunapendekeza kuanza hivi: "Mita imesoma 15. Tutafute imetoka wapi." Kisha muulizeni kwa mpangilio. Alinawa mikono kabla ya kujitoboa? Kidole kilichomenya embe hudanganya mita. Ana homa, jino bovu, au maumivu akikojoa? Maambukizi hupandisha sukari hata kwa asiyekula kitu. Amepewa predinisoloni kwa ajili ya pumu? Nayo hupandisha sukari. Insulini aliiweka wapi? Ikipigwa na jua dirishani au ikiganda kwenye friza, huharibika. Ile ya mchanganyiko, yenye maziwamaziwa, aliizungusha viganjani mara 10 na kuipindua mara 10 kabla ya kuvuta? Mwisho papaseni tumbo na mapaja. Anayechoma sehemu moja kila siku huota uvimbe mgumu chini ya ngozi, na insulini ikiingia hapo hufyonzwa leo kidogo, kesho nyingi. Dawa alizoruka ziulizwe hivi: "Watu wengi hukosa dozi. Wiki hii zimekupita ngapi?" Hapo mtu husema kweli. Chakula kina nafasi yake kwenye orodha hii, ila si cha kwanza wala si peke yake.

Kuna tishio jingine: "Usipofuata masharti tutakuhamishia sindano." Katika kisukari cha aina ya pili, uwezo wa kongosho kutoa insulini hupungua kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa aliyefuata kila alichoambiwa. Ukishaifanya sindano kuwa fimbo, siku inapohitajika kweli mtu anaiona ni hukumu ya kifo, anahamia kwenye mizizi. Aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba huenda miaka ijayo akahitaji insulini, homoni ile ile ambayo mwili wake umekuwa ukiitengeneza. Kabla kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, hajachomwa insulini kule Toronto mwaka 1922, watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini, walikuwa wakizikwa.

Na matumaini hayahitaji namba za kupendeza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998, kwa watu wenye aina ya pili, ulitumia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kwa asilimia, ukalinganisha kundi lililokaa kwenye 7.0 na lililokaa kwenye 7.9. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza kwa robo madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo. Aliyeshuka kutoka 11 hadi 9.5 basi asiambiwe "bado uko juu". Aambiwe amefanya kazi, kisha aulizwe nini kilimsaidia.

Nyumbani, askari huwa ni ndugu. "Usile hiyo, ni sumu kwako," tena mbele ya wageni. Sahani yenye nusu mboga za majani, robo ugali au wali, na robo maharage au samaki inawafaa wote mezani, basi wote wapakue hivyo. Sukari ikishuka, acheni maswali. Mpeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado chini ya 4 rudieni, ikipanda ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Magazeti nayo, Mhariri. Nchi hii ilijifunza kusema "watu wanaoishi na VVU", lakini kisukari bado ni "muuaji wa kimya kimya" na picha ya mguu uliokatwa. Mkilazimika kuitoa picha hiyo, tunaomba maelezo yake yawe haya: Kagua nyayo na katikati ya vidole kila usiku, kwa kioo ukishindwa kuinama. Pima joto la maji kwa kiwiko, si kwa mguu. Ukiona kidonda, lengelenge au ukucha uliobadilika rangi, nenda kliniki kesho asubuhi hata kama hapaumi.

Wauguzi wa kliniki ya kisukari,
Morogoro