Kabla ya mbuzi mweusi, muulizeni mtoto ametazama nini

Mhariri,

Nilikuwa na kibanda cha video hapa Maweni, Malindi, kwa miaka kumi na mmoja. Televisheni moja, deki moja, jenereta, mabenchi sita, kiingilio shilingi 10. Kwa hivyo asinidhanie mtu kuwa nazichukia filamu za kutisha. Nazipenda mpaka leo. Kila Oktoba, Wamarekani wanapoingojea Halloween, sikukuu yao ya vitisho ya tarehe 31, filamu hizo hujaa kila mahali, nami hukesha nikizitazama.

Mwaka jana, mwezi huohuo, mjukuu wangu wa miaka tisa alianza kuweweseka. Akawa hataki kwenda msalani peke yake, na godoro likawa la kuanikwa juani kila asubuhi. Bibi yake alikumbuka kwamba mtoto alioga baharini magharibi ikiingia, akasema ni jini. Akasomewa, akafukizwa ubani, akanyweshwa kombe. Kusomewa sikupingi, ndiyo dini yetu. Lakini baadaye akaja mtu akitaka mbuzi mweusi na shilingi 8,000. Binti yangu huuza mahamri. Alikopa nusu akampa.

Siku hizo nilikwenda kuchota maji pipani. Chini kabisa nikaona mwanasesere wa dadake mdogo, amefungwa jiwe kwa kamba. Nikamwita mtoto barazani.

"Huyu amekukosea nini?"

"Hulala macho wazi, babu."

Hapo akasema yote. Alikuwa akitazama kwenye simu ya mamake, usiku, ndani ya chandarua, spika ndogo zimetiwa masikioni asisikike. Filamu za mwanasesere anayetembea. Moja ikiisha, nyingine ilijianzisha yenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Kibandani mwangu filamu ilikuwa na mwisho. Kanda ikimalizika nilizima deki, nikafungua pazia la gunia, nikawasha karabai, na vijana wakaanza kubishana ni nani aliyemshika mwenzake mkono. Walirudi makwao kwa makundi, wakipiga kelele njia nzima, na hofu ikawaishia njiani. Watoto wadogo sikuwaingiza. Nikiwaona wakichungulia niliwafukuza. Huyu wangu hakuwa na pazia la kufunguliwa wala mwenzake wa kumshika mkono. Alilala na hofu yake hivyohivyo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mamake akiwapo, nilimwekea kile kipande alichokiogopa, sauti nimeizima. Akatazama mwanasesere akigeuza shingo kimyakimya. Tulipokirudia akauliza, "Mbona sasa hatishi?"

Nikamweleza kwamba hofu nyingi ya filamu huingilia masikioni. John Carpenter, aliyeongoza filamu ya Halloween ya mwaka 1978 na kuitungia muziki mwenyewe, amesimulia kwamba aliwahi kumwonyesha filamu hiyo ofisa wa kampuni moja ya filamu kabla ya kutia muziki na milio, na ofisa yule hakuogopa hata kidogo. Kinyago cha muuaji wa filamu hiyo kilinunuliwa dukani kwa pesa isiyofika dola mbili. Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk, nahodha wa chombo cha angani katika mchezo wa televisheni wa Star Trek. Walikipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Na ile damu ya bafuni katika Psycho ya 1960 ni sosi ya chokoleti, kwa kuwa filamu ile ni nyeusi na nyeupe. Chokoleti ilimchekesha sana mjukuu wangu. Usiku ule aliamka mara moja tu. Baada ya wiki mbili godoro halikuanikwa tena. Mwanasesere alikauka uani, naye mwenyewe akamrudishia dadake.

Naandika kwa sababu Oktoba imefika tena. Hapa mtaani wapo wanaotaka filamu hizi zipigwe marufuku, kwa hoja kwamba Halloween si sikukuu yetu. Kweli si yetu. Ilianzia kwa watu wa kale wa Ayalandi na Uskoti, wahamiaji wakaipeleka Marekani, na sisi boga twalipika kwa nazi, hatulichongi macho kama wao. Lakini marufuku hiyo itamfikiaje mtoto aliye ndani ya chandarua na simu ya mamake?

Stesheni zetu nazo nina ombi kwao. Kanuni za utangazaji nchini zinakataza vipindi vya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Filamu yenyewe huwekwa baada ya saa hiyo, ila tangazo lake hupita mapema. Juzi, saa mbili na nusu usiku, tukiwa tunakula, stesheni moja ilirusha tangazo la namna hiyo, mayowe na kisu juu. Mjukuu wangu aliacha kula, akawa anautazama mlango wa chumba chao. Tafadhali, matangazo hayo nayo yangoje saa 4.

Na wazazi wenzangu, mtoto akiweweseka, muulizeni ametazama nini, na muulizeni kwa upole. Wangu alificha siku nyingi kwa kuogopa mamake angemnyang'anya simu. Zile shilingi 4,000 hazikurudi, na binti yangu alizilipa kwa mahamri hadi Januari.

Mwenye kibanda wa zamani,
Maweni, Malindi