Feloshipu za vyuo, sabuni tumeshapeleka sana

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote, ningeanza na Bwana Yesu asifiwe kama nilivyozoea ila gazeti ni la wote. Kuna msomaji aliandika humu kwamba vijana wa feloshipu za vyuoni, yani vikundi vya wanafunzi Wakristo, wabaki na Biblia na mikesha yao, mambo ya jamii sijui haki za nani wawaachie wanasiasa na mashirika. Barua yake nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye daladala, na nimeona nijibu kwa sababu mi mwenyewe nimelelewa humo, miaka mitatu ya chuo hapa Dodoma nilikuwa mwanafeloshipu, mwaka wa pili wakanipa uweka hazina, kwaiyo ninachosema nakijua kwa ndani na ubaya wake naujua pia. Na ngoja nianze na huo ubaya, maana huenda ndugu yetu yeye aliona huo tu.

Kila semista tulikuwa na wiki ya huduma. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka tu mweka hazina unapita na daftari hosteli kwa hosteli, huyu elfu mbili, huyu elfu tano, mwenye moyo elfu kumi, wengine wakikuona wanazima taa, alafu tunanunua sabuni za mche, sukari, mchele, mafuta ya kula, pedi, tunakodi kosta, tunavaa fulana zinazofanana, safari ya kituo cha watoto yatima. Tunaimba, mmoja anahubiri, watoto nao wanaimba, tunakabidhi, picha, kisha picha tena maana ya kwanza mwenyekiti alifumba macho, tunarudi. Jioni status za wasapu ni sisi na watoto wa watu.

Mwaka wangu wa uhazina mama mlezi wa kile kituo akanivuta pembeni, nikajua anataka kunishukuru. Akanifungulia stoo. Hebu ona mwanangu. Sabuni zimepangwa zimekaribia dari, za chini huko zimekauka zimekuwa ngumu kama tofali. Akasema nyie ni kundi la tatu mwezi huu, nashukuru na Mungu awabariki, lakini hawa wangu wa kidato cha pili wana mtihani mwezi wa kumi na moja na hesabu hawajui kabisa, na mnasema mnasomea ualimu, hivi hamna hata mmoja wa kuja jumamosi?

Kosta nzima ilikuwa imejaa walimu watarajiwa mhariri. Wa hesabu, wa fizikia, wa kemia. Na sisi tumebeba sabuni.

Tulianza kwenda jumamosi, kumi na moja tulioandika majina, baada ya mwezi tukawa sita na mtihani ulivyokaribia tulikuwa wanne, maana na sisi tulikuwa na UE zetu, mitihani ya mwisho wa semista, za kupigia msuli, na pia niseme ukweli hakuna anayepigwa picha akifundisha hesabu za sehemu. Kwenye kikao nikaulizwa hii huduma mpya inaingia idara gani, ya uinjilisti au ya matendo ya huruma, nikashindwa kujibu, wakaiandika chini ya mengineyo.

Sasa huyo ndugu anasema hii ya kuchanganya injili na mambo ya haki ni ya kuiga, imeletwa juzi na wafadhili. Hapo sikubali kabisa. Mwezi Julai 1974 kulikuwa na mkutano mkubwa wa wainjilisti kule Lausanne, Uswisi, watu wa nchi 150 hivi, na waliosimama wakasema injili isiyogusa maskini na dhuluma ni nusu injili walikuwa René Padilla wa Ecuador na Samuel Escobar wa Peru, na hao wawili kazi yao ilikuwa nini? Ilikuwa kulea wanafunzi wa vyuo vikuu Amerika ya Kusini chini ya IFES, umoja wa feloshipu za wanafunzi wa dunia nzima, familia hiyohiyo ambayo TAFES yetu, umoja wa feloshipu za vyuo hapa Tanzania, imo ndani yake. Lile Agano la Lausanne, yani tamko la mkutano lililotoka pale, aya ya 5, wanatubu kwa kupuuza wajibu wao kwa jamii na kwa kufanya kama vile uinjilisti na mambo ya jamii havikai chungu kimoja. Yani wametubu 1974 na sisi tunabishana mpaka leo.

Kama hao ni wa mbali basi tuvuke mpaka tu hapo Kenya. Askofu David Gitari wa Anglikana kabla hajawa askofu alikuwa mtumishi wa PAFES, umoja wa feloshipu za wanafunzi Afrika, miaka ya 60, akifanya kazi na wanafunzi na feloshipu zao, kazi ileile ambayo wafanyakazi wa TAFES wanafanya saivi kwa nauli za kuungaunga. Baadae serikali ya Moi ilipoleta uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea kila mtu anakuona umesimama wapi, yeye akaupinga hadharani tena madhabahuni na Biblia mkononi. Aprili 1989 wakamvamia nyumbani kwake usiku, akapanda juu ya paa akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Hakuwa na chama, hakuwa akitafuta ubunge. Alikuwa mtu wa Biblia aliyeisoma mpaka mwisho wa ukurasa, ndo maana ikamfikisha juu ya bati.

Kuhusu hofu ya siasa ndugu yetu namwelewa na hapo nampa haki yake. Nimeona mgombea akija kwenye tamasha la feloshipu na mifuko ya saruji akapewa maiki robo saa nzima, na mchungaji aliyealikwa kuhubiri akaambiwa afupishe. Hiyo mi siitetei hata kidogo. Ila kumkatalia mgombea maiki na kumkatalia mama mlezi mwalimu wa hesabu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Agosti 2022 tulienda mishoni kijiji kimoja mkoa huuhuu wa Dodoma, wiki nzima, tunalala madarasani, mchana nyumba kwa nyumba jioni mkutano wa hadhara. Nyumba moja tukamkuta binti anatwanga na mtoto mgongoni. Dada mmoja wa timu yetu, alikuwa mwaka wa tatu ualimu, akaanza kumshuhudia, yule binti akasikiliza kwa adabu alafu akauliza nyie ndo wa chuo, nikasome wapi mimi? Aliacha kidato cha tatu kwa sababu ya mimba. Sasa Juni 2017 rais Magufuli alishasema aliyezaa harudi shule, na tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati ule, Ndalichako, akatangaza kwamba wanarudi, ruksa, mfumo rasmi. Lile tangazo lilikuwa limetimiza miezi tisa na pale nyumbani ndo wanalisikia kutoka kwetu, tena kwa bahati, tulikuwa tumeenda kuwaambia kuhusu mbingu.

Baba yake hakuamini, alidhani ni mtego. Tukaenda na yule dada kwa mtendaji, mtendaji akatutuma kwa afisa elimu kata, afisa elimu kata hakuwepo, tukaenda shuleni kwenyewe, mkuu wa shule akasema waraka hajauona na bila waraka hawezi kupokea mtu. Siku iliyofuata dada yetu hakuhubiri, alipanda bodaboda mpaka mjini akatafuta waraka kwenye simu akauprinti stesheneri, akarudi nao kwenye bahasha kama barua ya posa. Kiongozi wa mishoni alikasirika, kwamba dada kaacha shamba la Bwana akaenda mjini kwa shughuli zake. Januari yule binti alirudi darasani, mtoto akabaki na bibi yake, na nauli za kufuatilia hizo zilitoka kwenye mfuko wa dada wala sio kwenye daftari langu.

Ripoti ya mishoni ile niliisaidia kuiandika. Ina safu ya waliookoka, safu ya waliomrudia Bwana, safu ya walioombewa. Binti mwenyewe siku ile hakuokoka kwaiyo hakuingia popote.

Na hapa ndo nataka kuwaambia viongozi wa feloshipu wanaosoma hii barua, kama wapo. Mnao watu wa sheria mnaenda nao gereza kupeleka dawa za meno, mahabusu wanawaeleza wamekaa muda gani na dhamana wameshindwa kwa sababu gani, mnawaombea mnatoka, wakati sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017 na watoaji waliosajiliwa wapo, chukueni majina pelekeni. Mnao wa uuguzi. Mnao mia mbili wenye damu, mwanaume anaweza kuchangia kila miezi mitatu na mwanamke kila miezi minne, panga kwenye ratiba kama mnavyopanga mikesha. Alafu muende palepale kila mara, sio leo kituo hiki kesho kile. Na tafadhali isiwe chambo, vijijini huko tunahudumia Waislamu na wasio na dini yoyote, nimeshaona mchele unagawiwa baada ya sala ya toba na mzee mmoja wa kofia yake akabaki amekaa pembeni hajui anyooshe mkono au asinyooshe. Ile nilitamani ardhi ipasuke.

Moja la mwisho alafu nimalize mhariri maana najua nafasi ni ndogo.

Semista ileile tuliyotoka mishoni, dada wa timu ya kusifu na kuabudu alipata mimba. Baba wa mtoto naye alikuwa wa kwetu, wa kupiga kinanda. Kikao kikaitwa, kikafunguliwa kwa sala, dada akasimamishwa huduma mpaka atakapotubu mbele ya kusanyiko, kaka akaambiwa akae kimya kwanza tutaongea naye, na wiki mbili baadae alikuwa anapiga kinanda kama kawaida kwa sababu hatukuwa na mwingine. Dada hakutubu mbele ya mtu, aliacha kuja, na mwaka wa masomo haukuisha akawa ameshafungasha hosteli. Mule kikaoni tulikuwa watu tisa. Wanne kati yetu ndo wale tuliosimama kwa mkuu wa shule na waraka mkononi tukidai yule wa kijijini arudi darasani.

Hakuna aliyeunganisha hayo mawili. Mimi pia sikuunganisha, nilikuwa bize naandika muhtasari maana katibu alikuwa anaumwa, na ule muhtasari mpaka leo upo kwenye faili na sahihi yangu chini.

Ni mimi msomaji wako,
mweka hazina wa zamani, Dodoma.