Mkono unakufa ganzi? Anza kwa kuangalia ni vidole vipi

Mteja akituambia mkono unakufa ganzi, tunamuuliza kwanza ni vidole vipi, halafu saa ngapi. Mara nyingi majibu hayo mawili yanaonyesha neva, yaani mshipa wa fahamu, inabanwa wapi kabla hatujaugusa mkono wenyewe.

Ganzi ikishika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, shida kwa kawaida iko kwenye kifundo cha mkono. Hapo neva inapita kwenye upenyo mwembamba pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Kano zikivimba, neva ndiyo inayoumia. Wengi huamka usiku wa manane wakikung'uta mkono, kwa sababu usingizini mtu hukunja kifundo bila kujua na upenyo unazidi kubana. Kazi za kubana na kurudiarudia huchangia sana: kupogoa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi (Dodoma), cherehani, kusuka nywele. Wajawazito nao hupata miezi ya mwisho mwili unapojaa maji, na wengi hupata nafuu wakishajifungua.

Jipime hivi: kutanisha migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, ukae sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole tulivyotaja, una sababu ya kuja kupimwa. Isipokuja, usijihesabu mzima moja kwa moja.

Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni neva nyingine, inayopita nyuma ya kiwiko. Hubanwa ukilala umekunja mkono, ukishika simu sikioni muda mrefu, au ukiegemeza kiwiko mezani. Kwa bodaboda hubanwa pia kwenye kitako cha kiganja kinachokandamiza usukani, hasa barabara ikiwa ya makorongo. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni hadi vidoleni, na kuzidi ukigeuza kichwa, inataka shingo ichunguzwe.

Mikono yote miwili, huku nyayo zikiwa zimetangulia kufa ganzi? Pima sukari. Mweleze daktari pia dawa unazotumia: metformini ya kisukari ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na isoniazidi ya kifua kikuu hushusha B6. Pombe nyingi nayo huharibu neva. Tafadhali acheni kununua vidonge na sindano za vitamini B kwa kubahatisha. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi.

Kwa kifundo kilichobanwa, tunaanza na kifaa kigumu cha kukinyoosha, kinachovaliwa usiku kwa wiki 6 hivi. Kifundo kikae sawa, kisipinde mbele wala nyuma, na mkanda uache nafasi ya kupitisha kidole. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanakaza mpaka vidole vinavimba, au wananunua soksi ya mpira inayobana lakini inaruhusu mkono kukunjika. Kwa kiwiko, zungushia taulo kwa kulegeza ili usikikunje usingizini. Dereva wa bodaboda ashushe kidogo pembe ya mikono ya breki na klachi mpaka kifundo kinyooke anapoishika. Maji ya moto tusishauriane. Mkono usiohisi huungua bila habari.

Ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakapotea, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, siyo kwetu. Baka lililopauka lisilohisi kuguswa lipimwe ukoma. Matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali. Na nyama ya chini ya gumba ikianza kubonyea, au vikombe vikikuponyoka, usisubiri wiki 6. Neva imeanza kufa, na huenda ukahitaji upasuaji wa kufungua upenyo.

Ukija kupimwa, leta dawa zako zote na majibu ya sukari kama unayo. Chora kwa kalamu kwenye picha ya kiganja chako sehemu zinazokufa ganzi, uandike na saa. Bangili na pete zivuliwe nyumbani.