Usiguse injini, anza na klachi

Shangani, Mtwara

Swahiba Bakari,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Mama yako nilimkuta sokoni Chikongola, analalamika hupigi simu. Mpigie bwana.

Video ya hiyo pikipiki yenu ya theluji nimeitazama mpaka bando likakata. Theluji mimi naijua ya ndani ya friji la samaki tu, ila klachi hiyo ni ndugu moja na ya skuta: mkanda mmoja, sahani za mbele, sahani za nyuma, gia hakuna.

Unasema tangu mfunge tabo (ile ya kusukumia injini hewa zaidi) inalia tu, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zinapita 9,000, mwendo hauongezeki na mkanda unanuka. Injini iacheni. Tatizo ni vile vyuma vya uzito vya klachi ya mbele. Vikizunguka hutanuka, vikabana sahani, mkanda ukapanda, na hapo ndipo injini inapobeba mzigo. Nyie nguvu mmeongeza, uzito ni ule ule wa kiwandani, kwa hiyo injini inaushinda na kupaa. Ongeza gramu kidogo kidogo mpaka resi zitulie pale injini inapotoa nguvu zote. Tustroki (injini za mapigo mawili) nyingi za cc 800 ni kwenye 8,000 hivi. Zikishuka chini ya hapo, umezidisha.

Hao wanaokwambia upunguze uzito kwa kuwa mko milimani, wako sahihi kwa mashine isiyo na tabo, maana hiyo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 mnazopanda. Yako inasukumiwa hewa. Jedwali lao la kupunguza uzito halikuhusu.

Springi ya mbele ina kazi yake: inaamua klachi ishike kwenye resi ngapi. Ukifunga ngumu mno itashika kwa kuruka. Kijana mmoja wa Naliendele kafunga springi ngumu za klachi kwenye skuta yake, basi kila akiondoka kwenye mchanga wa mikorosho tairi linachimba mpaka linazama. Kwenye theluji laini nadhani utakiona.

Sasa mkanda. Ukitoka kuikimbiza, zima, fungua kava, gusa sahani kwa tahadhari. Zikiwa za moto kiasi cha kukutoa mkono, mkanda unateleza. Moto ukizidi mbele, shughulika na mbele. Ukizidi nyuma, springi ya nyuma imechoka, au ile njia ya mshazari ya klachi ya nyuma, inayobana sahani zake, ina mwinuko mkali mno, sahani zinaachia mapema. Angalia pia kama sahani zimeng'aa kama kioo, zisugue. Na usije ukapiga resi kava likiwa wazi, mkanda ukikatika hauchagui wa kumpiga.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kilichokusaidia.

Nitumie picha ya vyuma hivyo, upande wenye namba iliyogongwa, nijue mlianzia wapi.

Wako,
Issa