Kabla hujatia sahihi ya kwenda Mirihi

Mwanangu,

Sisi hapa Malaba hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri.

Ujumbe wako kwamba unataka kwenda kuishi kwenye sayari ya Mirihi nilipousoma nilicheka, nikasema uhandisi wa Makerere umemlewesha mtoto. Halafu nikakumbuka 2022, setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilivyopaa, na walioiunda ni vijana watatu wa Uganda waliosomea Japani. Kwa hiyo sisemi haiwezekani. Barafu iko kule, na siku yao inaizidi yetu kwa dakika 40 hivi tu.

Lakini mimi ni mtu wa forodha, lazima niulize mzigo unapita wapi. Ulikuwa mdogo mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi. Malori yalikwama, reli iling'olewa Kibera, na huku petroli ikawa inauzwa kwa chupa za soda. Na Mombasa, bandari inakopitia mizigo yetu, ni barabara tu, siku mbili tatu umefika! Huko Mirihi, nafasi nzuri ya kurusha chombo huja kila baada ya miezi 26, na safari yenyewe ni kama miezi saba. Pampu ya maji ikifa, spea utaagiza wapi?

Na hewa je? Kile kimtambo cha majaribio ambacho Wamarekani walikipeleka Mirihi, MOXIE, kilitengeneza gramu 122 za oksijeni kwa jumla tangu 2021 hadi 2023. Mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi kwa siku. Utaniambia wataunda kikubwa zaidi. Sawa, lakini mwenyewe atakuwa nani? Mkataba wa kimataifa wa 1967 kuhusu anga za juu unakataza nchi yoyote kujimilikisha sayari, ila chombo na watu waliomo hubaki chini ya nchi iliyokisajili. Sasa kampuni ikigombana na wafanyakazi wake, watagoma vipi watu wanaopumua kwa hisani ya tajiri? Hilo linanitisha kuliko mionzi ya angani, ingawa mionzi nayo si mchezo.

Wanaosema tuhame kwa sababu dunia inaharibika, usiwasikilize sana. Dunia hata ichakae vipi, bado utafungua dirisha upumue. Ukienda, nenda kwa utafiti, urudi.

Na kabla hujatia sahihi popote, niletee hiyo karatasi niisome. Kusoma karatasi za watu ndiyo kazi iliyokusomesha. Ada ya muhula nitatuma Ijumaa.

Baba yako